Julai haina korosho

Steshenari ya mke wangu iko hatua chache kutoka stendi ya Masasi. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mchana huwa nakaa pale kwenye benchi nawasaidia watu kujaza fomu. Kazi ile ina misimu yake. Januari ni matokeo ya Kidato cha Nne na pilika za Kidato cha Kwanza. Julai ni Kidato cha Tano na maombi ya vyuo. Ukitaka kujua uko mwezi gani huna haja ya kalenda, angalia tu watu wanavyolipa. Januari mzazi anatoa noti ya elfu kumi kwa kazi ya elfu moja, na chenji anampa mtoto akanunue soda. Julai mzazi yuleyule anauliza kama tunaweza kumchapia ukurasa wa kwanza tu, ule wenye jina la shule, hizo nyingine atasomewa kwenye simu.

Julai moja alikuja mama kutoka vijiji vya Lulindi. Binti yake amepangiwa Kidato cha Tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Aliketi, akanipa simu.

"Shikamoo, mwalimu. Hebu nisomee hapo penye mahitaji."

Nikasoma. Godoro la futi mbili na nusu. Shuka za rangi moja jozi mbili. Chandarua. Sare, viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba, raba. Ndoo mbili zenye mifuniko. Tranka na kufuli. Rimu. Fyekeo.

"Fyekeo ninalo," akasema haraka, kama mtu aliyeokota kitu.

Nikaendelea na michango, fomu ya daktari, nauli. Yeye alikuwa anakunja vidole. Vilipokwisha vya mkono wa kwanza akahamia wa pili, vikaisha navyo. Akauliza wanatakiwa kuripoti lini. Nikamwambia wiki ijayo. Akanyamaza, akafunga pindo la kanga, akasema, "Basi nitamwona yule bwana."

Sikumuuliza bwana gani. Huku kwetu, Julai, "yule bwana" anajulikana. Ni mtu wa kangomba.

Kwa asiye wa Kusini: kangomba ni biashara ya kununua korosho kwa magendo, nje ya chama cha msingi cha ushirika na minada yake, mara nyingi zikiwa bado maua mtini. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda rudi, na haijafa, kwa sababu inajibu swali ambalo mnada haujibu: leo nitapata wapi hela? Tupige hesabu. Chukulia mahitaji ya yule binti, pamoja na nauli, ni shilingi 350,000. Yule bwana akimpa mama shilingi 1,500 kwa kilo, mama ameuza kilo 233. Akingoja mnada, mkononi akapata 2,800 baada ya makato, pesa ileile angeipata kwa kilo 125. Zile kilo mia na ushei zilizobaki hakuzila mtoto wala shule. Na hapo nimetumia bei ya kawaida tu. Msimu ulioanza Oktoba 2024 minada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo aliyeuza maua mwaka ule alikatwa kwenye nyama.

Ninachotaka kusema ndicho hicho. Familia nyingi za Mtwara na Lindi hazikosei katika kuchagua shule au chuo kwa kukosa akili, wala kwa kutopenda elimu. Zinakosea kwa sababu uamuzi unafanywa mwezi mbaya. Korosho inaokotwa kuanzia Septemba hivi, minada inashika kasi Oktoba na Novemba, na malipo yanamalizikia Januari au Februari. Kidato cha Kwanza kinaangukia humohumo, ndiyo maana Januari watoto wetu wanakwenda shule wamepakwa mafuta mpaka magotini. Lakini Kidato cha Tano ni Julai, maombi ya vyuo yanaanzia hapohapo, na vyuo vikuu vinafungua Oktoba au Novemba kabla mkulima hajalipwa vizuri. Julai mkulima wa korosho hana hela, na zaidi ya hapo anadaiwa: shamba limepaliliwa, salfa inapulizwa kuzuia ubwiri unga, vibarua wanataka chao. Ndipo anaombwa aamue mustakabali wa mtoto ndani ya siku kumi. Mtu mwenye njaa hachagui mboga.

Wenzetu wa Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Kilwa wana nafuu kidogo, maana ufuta wao unauzwa kati ya Mei na Julai, na mbaazi zinafuata. Nimeona mwenyewe kwa wale wanaokuja kupanda mabasi Masasi: mzazi wa ufuta anakuja kuuliza kombi, yaani masomo atakayosoma mtoto Kidato cha Tano, mzazi wa korosho anakuja kuuliza kama shule inapokea mwanafunzi aliyechelewa. Kama una ekari mbili za ziada, moja ya ufuta haitakuua.

Hata Januari si ya kuaminika. Wanaokumbuka msimu wa 2018 watanielewa. Novemba mwaka ule Serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kuzisomba. Kwenye karatasi bei ilikuwa nzuri. Malipo yakachelewa, 2019 ikaingia watu wengi bado wanafuatilia majina yao, na pale stendi niliona tranka mpya zinarudishwa dukani.

Kuna wakubwa wanaokuja na kusema watu wa Kusini hawathamini shule. Wanasimulia habari za wazazi wanaowaambia watoto waandike ovyo kwenye mtihani wa darasa la saba ili wasifaulu. Wapo, sikatai, nimefundisha watoto wao. Lakini mtu anayesema hivyo kwa jumla ajue anasimama wapi. Masasi ilianzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachiwa huru, na shule ilikuwepo karibu tangu siku hiyo. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Chidya ilikuwa na mabweni wakati miji mingi inayojiona leo ilikuwa vichaka. Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, akapita Ndanda, akapita Kigonsera na Pugu, mpaka Makerere. Baba zetu walijua kumpeleka mtoto mbali kabla Rufiji haijapata daraja, nalo limefunguliwa mwaka 2003 tu. Dharau haikuwa tatizo lao, wala si tatizo letu.

Nirudi kwenye kuchagua. Neno tunalotumia lenyewe linatudanganya. Tunasema mtoto "amechaguliwa", kana kwamba kazi yetu ni kupokea. Mtoto wa Kidato cha Nne anajaza fomu ya machaguo akiwa shuleni, mara nyingi akiiga ya jirani yake. Matokeo yanatoka mwishoni mwa Januari. Baada ya hapo TAMISEMI hufungua mfumo kwa muda, mwanafunzi anaweza kubadili kombi na vyuo alivyojaza kulingana na alama alizopata. Dirisha hilo ndilo dirisha la thamani kuliko yote katika maisha ya mtoto huyo, na linafunguliwa wakati hela ya korosho bado haijaisha nyumbani. Steshenari kwetu siku hizo wateja nawahesabu kwa vidole: ni wachache mno. Wengi wanakuja Juni, majina yakishatoka, wakiwa na macho mekundu: mtoto amepelekwa kombi ya sanaa na alikuwa anataka udaktari, au kapelekwa chuo ambacho hakumbuki kukijaza.

Kombi zenyewe zimekuwa nyingi. Mwaka 2024 zilitangazwa mpya 49, zikafika 65, na mzazi aliyezoea PCB na HGL anajisikia yuko ugenini. Hahitaji kuzijua zote. Anahitaji kuuliza swali moja na kuling'ang'ania: kozi ambayo mtoto anaitaka mbele ya safari inadai masomo gani? Mtoto anayetaka uganga au uuguzi ngazi ya stashahada lazima awe amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kwenye Kidato cha Nne. Nimewahi kukaa na kijana mwenye alama nzuri za historia na Kiswahili aliyelipia fomu za vyuo vya afya vitatu. Fizikia alipata F. Vyuo vyote vitatu vilipokea hela ya fomu.

Kwenye shule za bweni za kulipia nina maneno machache makali. Usiangalie bango. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena zile shule kumi bora, na mimi nilifurahi, lakini mabango yamebaki, picha ya mtoto mwenye daraja la kwanza na namba ya simu ya mkurugenzi. Fanya hivi. Matokeo ya kila shule yapo mtandaoni, bure. Fungua ya Kidato cha Nne ya mwaka fulani, hesabu watahiniwa. Halafu fungua ya Kidato cha Pili ya shule hiyohiyo miaka miwili nyuma yake, hesabu tena. Kama Kidato cha Pili walikuwa 90 na Kidato cha Nne wametokea 52, nenda kamuulize mkuu wa shule wale 38 wako wapi. Akikwambia "walihama", mwambie akutajie hata watano waliohamia wapi. Shule inayowachuja watoto ili bango lake ling'ae inauza jasho la wale wachache waliobaki, na mtoto wako anaweza kuwa miongoni mwa wale 38 baada ya wewe kulipa miaka miwili.

Kisha nenda ukaione. Usiende siku ya mahafali. Siku ile hata choo kinapuliziwa manukato. Nenda Jumatano ya kawaida, saa sita mchana, uombe kuona mambo matatu. Jiko, uone maharage yanavyochambuliwa au yasivyochambuliwa. Maji, ujue yanatoka wapi mwezi wa Oktoba, si mwezi wa Machi. Halafu bweni. Kwenye bweni usitazame vitanda, tazama madirisha. Madirisha mengi yana nondo kwa ajili ya wezi, na mlango ni mmoja, na usiku matroni anaufunga kwa kufuli kwa nje. Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12 waliteketea bwenini. Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hao. Hapa kwetu Lindi sekondari iliungua mwaka 2016. Mimi nikifika bwenini namuuliza matroni swali moja: usiku ufunguo unalala wapi? Akisema "kwangu", namuuliza, na wewe unalala wapi? Kuna shule moja, siitaji, matroni alinijibu kwamba yeye analala mjini.

Mtoto mdogo sitaki hata kusikia. Tangu Machi 2023 Kamishna wa Elimu alikataza bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Bado nakutana na wazazi wanaoulizia "za chinichini". Mtoto wa miaka saba asiyejua kufunga kamba za viatu atajifunza nini bwenini, zaidi ya kulia bila sauti?

Hilo halina maana kwamba kukaa nyumbani ndiko salama. Kwenye sekondari nyingi za kata, mtoto anayetoka kilomita kumi hatembei, anapangishiwa geto. Chumba kimoja, jiko la mkaa, wasichana wawili wa miaka 15, na mwenye nyumba anajua lini wameishiwa unga. Wazazi wanaona wameokoa hela ya bweni. Nimewahi kuwa mwalimu wa malezi miaka mingi, na mimba nilizoziandikia taarifa nyingi zilianzia geto. Siku hizi binti akijifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, tangu waraka wa mwishoni mwa 2021, na ni jambo jema sana. Jema zaidi ni wazazi watano wa kijiji kimoja kukodi nyumba moja na kumlipa bibi mmoja akae na watoto wao. Nimeliona likifanyika Newala. Bibi alikuwa mkali kuliko matroni yeyote, na jioni anapika kisamvu.

Sasa vyuo, na hapa nianze na ujinga wangu mwenyewe.

Mwaka mmoja mpwa wangu alimaliza Kidato cha Nne na alama za kuunga. Kwa mila zetu watu wa huku, mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anazaa, mjomba anasomesha. Dada yangu akaniletea jambo, nami, mwalimu mzima, nikapigiwa simu na kijana mmoja mchangamfu aliyejitambulisha kama "wakala wa udahili" wa chuo fulani cha mkoa wa mbali. Alinijua jina. Alimjua mtoto jina. Akasema nafasi zimebaki nne. Nilituma shilingi 600,000 kwa simu usiku uleule, nisije nikazikosa hizo nne. Mtoto akaenda, akasoma mihula miwili, ndipo tukagundua kwamba chuo kina usajili kweli, lakini kozi aliyowekwa haimo kwenye kibali chake. Hela hazikurudi, na ule mwaka haukurudi.

Kwa hiyo siku hizi nasema kwa sauti: usajili wa chuo na ithibati ya kozi ni vitu viwili. NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili. Kinaonyesha kila chuo, kozi zake, sifa za kuingilia, ada na idadi ya nafasi. Kipo mtandaoni. Kama kozi haimo mle, haipo, hata wakala akiapa kwa kaburi la mama yake. Ada ilipwe kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo, kamwe si namba ya simu ya mtu. Na chuo chenye nafasi zilizobaki nne tu hakina haja ya kukupigia saa tatu usiku.

Kuna kitu kingine kinaniuma kwenye vyuo: imani kwamba cha mbali ndicho bora. Kijana wa Tandahimba anataka chuo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na ukimuuliza kwa nini hawezi kusema ila "huko kuna mambo". Mambo yapo, na yana kodi ya chumba. Hapahapa kuna VETA ya Mtwara na ya Lindi. Kuna Stella Maris pale Mtwara, kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, kuna vyuo vya ualimu Mtwara na Nachingwea, vya afya Mtwara, Masasi na Ndanda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kimeamua kujenga kampasi Lindi kwa ajili ya kilimo. Na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Chilala na Masasi, ambavyo watu wanavidharau kwa sababu jina lake linafanana na mkutano wa kijiji. Binti aliyeacha shule akiwa na mtoto mgongoni anaweza kusoma ushonaji au umeme kwenye vyuo hivyo, na vingine vina mahali pa kulelea mtoto wake. Nionyeshe chuo cha mjini kinachofanya hivyo.

Mkopo nao. Zamani ulikuwa wa shahada zaidi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata stashahada kwa fani za kipaumbele, afya na ualimu wa sayansi zikiwemo, na nusu ya wanaokuja pale kwetu hawajui. Wanaojua wanakwama mahali ambapo hakuna aliyetarajia: jina.

Jambo hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu sijaona likiandikwa vya kutosha, na huku kwetu ndiko lilikojaa. Mtoto wa Kusini ana majina kama kuku ana manyoya. Alipozaliwa alipewa moja na bibi yake. Padri au shehe akampa la pili. Alipokwenda kuandikishwa darasa la kwanza alikuwa anaishi kwa mjomba, kwa hiyo ubini ukawa wa mjomba. Likizo moja akapelekwa jandoni, akatoka na jina jipya, lile la utoto ukimwita nalo anaona umemtukana. Miaka inapita. Siku ya kuomba mkopo mfumo unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na cheti kinasoma hivi, cha Kidato cha Nne kinasoma vile, kitambulisho cha mzazi kinasoma kingine kabisa. Mashine haijui habari za jando. Inaona watu watatu.

Kijana mmoja alikaa kwenye benchi letu siku mbili kwa ajili hiyo. Alikuwa na daraja la kwanza. Mzee wake amefariki, kwa hiyo angepewa alama za kutosha za uhitaji, ila cheti cha kifo kiliandikwa jina ambalo baba huyo alitumia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, si lile lililo kwenye cheti cha mtoto. Tulitafuta wakili wa hati ya kiapo, tukapiga simu, tukapanda daladala na kurudi. Alifika mwisho wa dirisha akiwa na karatasi zote isipokuwa moja. Mwaka ule hakwenda.

Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto wa darasa la tano au la sita, kabla hujanunua hata kalamu ya bweni, toa karatasi zote kwenye mkoba, zitandaze mkekani, usome majina herufi kwa herufi. "Rashid" na "Rashidi" si mtu mmoja. Jina aliloandikishwa shuleni ndilo litakalomfuata kwenye mitihani ya Taifa, na kulirekebisha kabla mtihani haujafika ni barua na safari ya ofisi ya elimu. Kulirekebisha baada ya hapo ni wakili. Cheti cha kuzaliwa kama hakipo, kifuatilie Novemba ukiwa na nauli. Hii kazi haina haja ya kungoja matokeo ya mtoto. Ifanye hata kama humwamini atafaulu.

Ya chuo kikuu siyarefushi. Bumu la kwanza, ile hela ya kujikimu ya mkopo, huchelewa, kwa hiyo mtoto aondoke na hela ya kula wiki nne. Akichaguliwa vyuo viwili athibitishe kimoja kwa wakati, asikae anaringa.

Kumwandaa mtoto mwenyewe tunakusahau kabisa, tukidhani tranka likijaa mtoto ameandaliwa. Ajue kufua shuka lake. Ajue kusema "naumwa" kwa mtu mzima asiyemjua. Watoto wetu wamefundishwa heshima mpaka wanaficha malaria. Shule za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo wewe uwe na namba ya matroni au patroni, na mtoto aikariri ya kwako kichwani, si kwenye karatasi. Binti awekewe taulo zake za kutosha muhula mzima, na baba asione haya kuziandika kwenye orodha. Na nauli ya dharura ishonwe mahali. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, kulikuwa na vijana njiani siku kadhaa na mfukoni hawana kitu.

Na ngoma zetu. Mimi si wale wanaotaka unyago na jando vifutwe. Nimechezwa na nimecheza wangu. Lakini mtoto aliyeko bweni akirudi likizo ya Juni au Desemba, kungwi na wazee wajue tarehe ya shule kufungua kabla ngoma haijalala. Mjomba ndiye anayeweza kusema neno hilo likasikilizwa. Baba akilisema litaonekana la ugeni.

Mwaka jana nilikwenda kwenye mkutano wa chama cha msingi nikiwa na pendekezo langu mfukoni. Nilitaka mwanachama anayependa ajiandikishe, kila malipo ya mnada yanapoingia akatwe kiasi alichotaja mwenyewe, kiende kwenye akaunti isiyofunguka mpaka Juni. Kwa kilo mia mbili tu, ukikata shilingi 500 kila kilo, Julai unayo laki moja, na "yule bwana" humtafuti kwa godoro.

Ukumbi ulinyamaza. Mzee mmoja wa mbele akasema bila kusimama, "Mwalimu, makato mengine tena?" Watu wakacheka, na nilistahili. Korosho yetu inakatwa ushuru, inakatwa ghala, inakatwa usafirishaji, na makato mengine hata mhasibu akiyaeleza hayaeleweki. Nikawaambia basi kila mtu aende benki mwenyewe, akafungue akaunti ya mtoto, mradi ifunguliwe Oktoba.

Mkutano ulipokwisha yule mzee akanifuata kwenye mwembe. Alinisalimia upya, akauliza habari za nyumbani, akazunguka kidogo kama ilivyo ada. Kisha akasogea karibu.

"Njomba, hiyo akaunti ya mjukuu. Nikifika pale dirishani niandikishe jina lipi, la shuleni au la jandoni?"